Makaa ya Alteneta

Biniam alishajua. Saa moja asubuhi, kabla yadi ya mafundi magari haijachangamka, aliwasha Corolla ya bibi mwenye yadi, Weizero Abonesh, na kugusisha mita yake ya umeme kwenye betri. Ikasoma volti kumi na mbili na kidogo. Alteneta nzima, ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka, hutoa karibu kumi na nne. Alipovuta waya wa mafuta kwa kidole, injini ikaenda mbio na namba zikapanda hadi kumi na nne, zikatetemeka, zikaanguka. Basi ni makaa, vile vijiti viwili vidogo ndani ya alteneta vinavyosuguana na pete za shaba. Yamelika, yanashika na kuachia. Kazi ya nusu saa tu. Akazima injini, akafunga boneti, akaenda kunywa chai.

Weizero Abonesh, mjane aliyeachiwa yadi hiyo, alikuwa amesema jana mbele ya watu wote kwamba nusu ya kibanda cha mafundi umeme anampa muuza matairi, na fundi umeme atabaki mmoja. Atakayelitengeneza gari lake ndiye atakayebaki.

Fundi wa pili, mbali na Biniam, alikuwa mzee Tessema, ambaye yadi nzima ilimwita Gashe kwa heshima. Ana miaka sitini na sita, na teksi zote za Lada za upande ule wa Addis zimepita mikononi mwake. Biniam mwenyewe alifundishwa naye. Siku ya kwanza kabisa mzee alimshikisha waya wa plagi injini ikinguruma, umeme ukamtupa chini, na yadi nzima ikacheka mpaka ikashika mbavu. Miaka kumi na moja ilikuwa imepita. Waliocheka walishasahau.

Saa nne mzee alifungua boneti. Akauliza, "Bibi, taa zinafifia ukisimama kwenye foleni?"

"Zinafifia. Nikikanyaga mafuta zinarudi. Na betri nimenunua mwezi uliopita."

Tessema akaweka ncha ya bisibisi juu ya alteneta, mpini sikioni, akafumba macho. "Alteneta," akasema. "Makaa yamekwisha."

Sikio la mzee lilikuwa halijakosea hata kidogo. Biniam akatema mate pembeni.

"Ni betri, Gashe. Amebambikiwa betri mbovu. Masikio yako yanasikia Lada kila mahali."

Watu wakacheka. Shingo ya mzee ikavimba.

"Wewe nilikufundisha kushika spana!"

"Basi thibitisha. Au mita imekushinda? Nikusomee namba?"

"Mita ni ya watu viziwi."

"Tufanyie ule mchezo wako wa zamani basi. Chomoa waya wa betri, tuone kama alteneta inaibeba injini."

Alilisema kwa sauti ya mzaha, kana kwamba anamtania baba yake. Kwenye Lada mchezo ule haukuwa na neno, kwa sababu Lada haina kompyuta. Lakini kwenye gari kama Corolla, betri ni kama beseni linalopokea umeme unaofurika. Ukiliondoa injini inapokwenda mbio, mafuriko yote yanaishia kwenye kompyuta. Biniam alijifunza hilo kwa kuunguza gari la mtu, akalilipia miezi minane. Hakumwambia yeyote.

"Gashe, una hakika?" Weizero Abonesh aliuliza.

"Bibi, nimefanya hivi kabla hujaolewa."

Akavuta waya wa mafuta, injini ikapanda, na kwa mkono wa pili akachomoa kichwa cha waya kwenye betri. Alikuwa na muda wa kutabasamu. Kisha injini ikapiga yowe, taa zikang'aa kupita kiasi, na injini ikazimika. Harufu ya plastiki iliyoungua ikatoka chini ya dashibodi. Mzee akarudisha waya, akazungusha ufunguo. Starta ikazunguka na kuzunguka bila kuwasha kitu.

"Umeniulia gari," alisema Weizero Abonesh polepole.

"Alteneta, bibi. Nilisema alteneta." Mzee akamgeukia kijana. "Biniam, mwanangu, ifungue. Wao waone makaa tu, basi. Sitaki kingine."

Aliomba mbele ya watu walewale. Biniam akaifungua alteneta, akaiweka juu ya meza, akawageuzia wote mgongo. Makaa yalikuwa yamebaki kama punje mbili za mchele. Akayachomoa kwa kucha, akayadondosha kwenye pipa la oili chafu, akatoa mapya mawili mfukoni na kuyabana mahali pake. Ndipo akageuka na kuinyanyua juu.

"Makaa ni mazima, Gashe. Tazama mwenyewe."

Mzee akasogea, akayatazama kwa muda mrefu. Akagusa sikio lake la kulia, kisha akaushusha mkono.

"Ni mazima," akasema.

Alikusanya bisibisi zake ndani ya kitambaa. Langoni dereva wa Lada alisimama, akamwita, "Gashe! Taa yangu ya betri haizimiki tangu jana. Hebu isikilize kidogo!"

Tessema akainama juu ya boneti, akatega sikio, kisha akajiinua.

"Sijui," alisema. "Mpelekee yule kijana ndani."

Dereva akaingia yadini. Biniam akachukua mita yake na kwenda kumpokea.