Suti Iliyobaki Nagoya

Wateja wangu wote wana haraka, na mimi nawapenda hivyo hivyo. Kibanda chetu cha tambi kiko katikati ya jukwaa la treni za kasi ziendazo magharibi, stesheni ya Nagoya. Mtu anakula kasimama, anakunywa mchuzi, anashukuru, treni inamchukua. Viti hatuna. Anayetaka kukaa aende hotelini.

Ndiyo maana yule mwanamume alinikera mapema. Ilikuwa wiki ya sikukuu za Mei, watu wamefurika mpaka kwenye ngazi, naye kasimama na bakuli lililopoa. Treni ya Okayama ilifika mbele yake, ikafungua milango, ikafunga, ikaenda zake. Ikaja nyingine, nayo akaitazama tu.

"Kaka, tambi zikipoa si tambi tena," nikamwambia. "Na hizo treni, unasafiri au umekuja kuzikagua?"

"Nasafiri, mama. Naenda Okayama. Baba yangu yuko mahututi."

"Sasa hapa unangoja nini?"

Akanyanyua mfuko mrefu, ule wa kutundikia suti. Hakuwa na haja ya kuufungua. Mkewe alikuwa amemshikisha asubuhi huko Matsumoto, akamwambia heri awe nayo kuliko kuitafuta. Ilikuwa suti nyeusi ya msiba. Na kwetu Japani, kumwendea mgonjwa na nguo za msiba ni kumwambia usoni kwamba umeshamzika. Hata pesa ya rambirambi tunatia noti zilizochakaa, isije ikaonekana tulipanga foleni benki kukisubiri kifo.

"Nimezunguka stesheni nzima," akasema. Aliitwa Miyake Shunsaku, fundi wa pampu, na jina la karakana lilikuwa limeshonwa kifuani mwa koti lake. "Makabati ya mizigo yamejaa yote. Na dada amenipigia tena. Anasema mzee ana neno anataka kuniambia mimi, peke yangu. Hata dada mwenyewe kakataa kumwachia."

"Neno gani?"

"Ningejua ningekuwa nimelala Matsumoto. Tangu nilipomkatalia lile shamba lake la mizabibu hatujaongea kama watu. Ni salamu tu za Mwaka Mpya. Leo ananiita, halafu nimwingilie na huu? Si atafunga mdomo?"

"Uache mlangoni hospitali."

"Na shangazi zangu? Wale watauona hata nikiuzika."

"Basi utupe," akadakia Hibino, mwenzangu wa kwenye sufuria.

"Mke wangu atanizika mimi kwanza."

Sheria ya kazi yetu ni kutopokea mzigo wa mtu, na ni sheria nzuri. Lakini nilimwona namna alivyoushika ule mfuko mbali na mwili wake, nikaona huyu akiendelea kusimama hapa baba atamwondokea. Nikanyoosha mkono. "Lete. Utaupitia ukirudi. Na hiyo treni inayoingia usipoipanda, nitakusukuma mwenyewe."

Akapanda. Mlango ulipofungwa aliniinamia kwa ndani, akabaki ameinama mpaka behewa lake likanipita.

"Jana tambi, leo stoo," Hibino akasema. "Msimamizi akiuona?"

"Nitamwambia ni suti ya mchumba wangu."

"Kwa umri huo atakuamini kwamba ni ya msiba."

Niliutundika nyuma, kati ya aproni zetu. Sikatai, nilijiona muungwana. Nilikuwa nimemsaidia mtu kuingia kwa baba yake kama mwana, si kama mzikaji. Siku ile niliwajazia watu mchuzi mpaka Hibino akaninyang'anya upawa.

Sikukuu zilipokwisha alirudi. Alikuwa kavaa suti nyeusi iliyomwishia juu ya vifundo vya mikono, nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Pole sana, mwanangu."

"Asante, mama. Hii ya shemeji yangu. Mfupi, lakini mtu mwema."

Nikamwekea bakuli bila kumwuliza. Alikula kidogo, na mimi nikashindwa kujizuia. "Ulimkuta?"

"Nilimkuta, akili zake timamu kabisa. Dada akatoka, akatuacha wawili." Akaweka vijiti chini. "Akanitazama. Koti la kazini, viatu vya kazini, mikono mitupu. Akachungulia mpaka nyuma yangu. Halafu akacheka, mama. Sijamwona akicheka vile tangu mama yetu alipokuwa hai. Akasema, 'Kumbe sijafika huko. Hawa madaktari wananitisha bure.'"

"Mh."

"Nikamwambia, baba, dada anasema una neno langu. Akasema, 'Ninalo. Ila ni refu, na leo nimechoka. Tutaongea kesho.' Akalala, hakuamka tena. Ndiyo imetoka hiyo."

Treni ikaingia, watu wakashuka, watu wakapanda. Hibino alikuwa ameligeukia sinki la kuoshea vyombo, anaosha bakuli safi.

"Alikufa ana furaha," nikasema.

"Ndiyo, nashukuru. Sikuwahi kumpa furaha hata siku moja, nikampa ile. Lakini lile neno, mama. Sasa nitamwuliza nani?"

Iliniuma. Nilikuwa na hasira pia, wala si na yeye. Alifanya kila tulichofundishwa sote, na mimi ndiye niliyempokea mfuko ili akifanye vizuri. Nilimwambia hana kosa. Nilimpa suti yake, akainama, akashuka ngazi kwenda jukwaa la treni ya Matsumoto.

Nilipotoka kazini nilimpigia binti yangu, Chinami, anayeishi Fukuoka.

"Siku utakapoitwa kwa ajili yangu," nikamwambia, "njoo na nguo nyeusi. Uzitundike mbele ya kitanda, mahali nitakapoziona."

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi acha maneno ya mkosi. Mtu gani anamfanyia mama yake hivyo? Watu watasemaje?"

"Waseme. Wewe zitundike nizione, nijue kwamba kesho haipo."