Alitapisha Vyoo

Shangazi alikata neno “vyoo” kwenye wasifu wa marehemu alioandika binti yake marehemu, kwa kalamu nyekundu, kisha akalikata tena lisisomeke kabisa.

“Andika ‘afisa mazingira’,” alisema.

“Wa ofisi ipi, shangazi?”

“Usinichokoze. Wakwe zangu wanakuja kumzika kaka yangu. Unataka waondoke wakisema nimetoka tumbo moja na mtapisha vyoo?”

“Kwani cha kwao alikitapisha nani?”

Shangazi akafyonza, akaondoka na kalamu yake.

Binti alivuta kreti ya soda uani, akaketi kuandika upya. Viganja vyake vilikuwa na sugu. Kwa miaka sita ndiye aliyeshika kamba juu, baba akiwa chini shimoni. Akivuta mara moja, pandisha ndoo. Akivuta mara mbili, nitoe haraka, hewa imeisha. Binti hakuwahi kukosea hata siku moja. Baba alikufa kitandani, kwa ugonjwa, na amevaa shati safi.

Aliandika jinsi baba alivyoopoa chooni meno ya bandia ya mwenye nyumba wao, akayachemsha, akayafunga kwenye leso na kumpelekea. Mwenye nyumba aliyavaa palepale. Asante hakusema. Binti akacheka peke yake, akalia, akapenga kamasi, akaendelea. Aliandika kwamba baba aliwasalimu watu kwa kiwiko, ili asiwape kazi ya kuficha mikono yao.

Kwenye ibada, mchungaji alimwita asome wasifu wa marehemu. Ratiba zilizochapishwa, ambazo shangazi alizisimamia mwenyewe, zilisema: afisa mazingira. Binti alikunja ratiba yake, akaiweka chini ya maikrofoni, akafungua karatasi alizoandika uani.

“Baba yangu alitapisha vyoo,” alianza. “Vyenu.”

Benchi zikalia, watu wakijisogeza. Alipofika kwenye meno, mtu wa nyuma aliangua kicheko, na mwenye nyumba, safu ya pili, akafumba mdomo kama aliyemeza nzi. Alipofika kwenye kiwiko, hakuna aliyecheka. Wengine walitazama viganja vyao.

Shangazi akasimama, kitambaa cha kichwa kimemwendea upande.

“Mwombe radhi mzee wa watu! Na wakwe zangu uwaombe, hapahapa!”

Mchungaji alinyoosha mkono kuchukua maikrofoni. Binti akaisogeza upande wake, akalamba kidole, akafunua ukurasa.

“Siombi, shangazi. Kaa, bado sijamaliza.”