Mlinzi wa Chujio

Mlinzi wa chujio la maji alikuwa amesimama nyuma ya ukumbi wa madiwani tangu saa tatu, kwa sababu viti vya wananchi vilikuwa sita tu na vyote vilishakaliwa na wapambe. Kazi yake ilimwachia vidole vya kuwasha. Miaka kumi na tisa alikuwa akipima dawa ya kuua vijidudu na kuitia kwenye maji ya mji mzima.

"Mishahara inaimeza idara ya maji!" diwani mnene alifoka. "Bei haitashuka mpaka watu wapungue."

"Wapungue kina nani? Shemeji zako?" mpinzani wake akamrudishia, na watu wakavunjika mbavu.

Walirushiana maneno saa nzima. Kisha karani akasoma ukurasa wa saba wa orodha ya wafanyakazi: walinzi wa chujio, wanne. Hapo, kwa mara ya kwanza, pande zote mbili zikaelewana. Walinzi wa nini tena, na kampuni ya ulinzi imeshapewa kazi?

Kule nyuma, yule mlinzi mzee akanyoosha mkono.

"Waheshimiwa, hilo ni jina tu. Mimi ni mlinzi, lakini silindi..."

"Kakiri mwenyewe!" Diwani mnene akapiga meza. "Mlinzi asiyelinda!"

Walicheka mpaka mwenyekiti akavua miwani afute machozi. Mzee alijaribu kutaja dawa, vicheko vikamfunika. Karani aliyaandika maneno ya mzee kama yalivyo, na hoja ya kuwaachisha kazi walinzi wote wanne ikapita bila kupingwa.

Kesho yake, baada ya mvua kubwa, mzee alikwenda kwenye chujio kama kawaida. Getini alimkuta askari wa kampuni, buti mpya, rungu mkononi.

"Shikamoo, mzee wangu. Samahani, bila barua siruhusiwi kukuingiza."

"Marahaba. Nani ametia dawa leo?"

"Dawa gani?"

"Mwanangu, tope la mtoni limeshaingia. Nipe dakika kumi tu, nitie, niondoke zangu. Sitaki malipo."

"Utanifukuzisha kazi, mzee. Nina watoto wawili."

Askari alimwonea huruma kweli. Akaenda bombani, akarudi na kikombe. "Pumzika kwanza. Maji haya hapa."

Mzee alikishika kwa mikono miwili, akayatazama yale maji yenye rangi hafifu ya tope, asinywe. Askari alidhani anaona haya. Akakichukua kikombe, akakimaliza chote, akafuta midomo, akaenda kumjazia kingine.