Dari la Juu ya Kitanda cha Baba

Tangu kiharusi kimwangushe, mzee Faustin alikuwa akilala chali sebuleni kwa bintiye Huguette, kule Ruashi, na kutwa nzima macho yake hayakuwa na pa kwenda ila darini. Lilikuwa dari la krepi, plasta iliyorushwa ikaachwa na vinundu kama ugali wa bukari usiosongwa vizuri. Msimu wa mvua bati zilivuja. Bati zikazibwa, lakini madoa yalibaki, mapana, rangi ya chai iliyokaukia kikombeni.

Mzee huyu aliendesha treni ujana wake wote. Alizoea dirisha ambalo kila saa lilimwonyesha kitu kipya. Sasa ulimi umekuwa mzito, maneno hayatoki, na dirisha lake ni madoa yale yale.

Asubuhi moja Huguette alikuja na uji akamkuta amegeuzia uso ukutani. Akatazama dari juu yake.

"Baba, ile plafo inakuchokesha?"

Mzee akafumba macho, akayafumbua. Kwao hiyo ilikuwa ndiyo.

Huguette akampigia simu kaka yake mkubwa, David, aliyekaa upande wa Kasapa, akamwambia anataka kuipaka dari rangi.

"Achana nayo," David akasema. "Ile iko krepi, aiko ukuta. Nitatuma muntu wa kazi."

"Ulisema vile na ku Pasaka, yaya."

"Nitamutuma, Huguette."

Hakubishana na yaya, mkubwa wake. Alikata simu, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda sokoni kununua rangi nyeupe ya maji na rulo ya kupakia.

Alisogeza kitanda cha baba pembeni, akapanda juu ya meza, akaanza. Mpito wa kwanza ulipendeza. Wa pili, rulo ikawa nzito. Wa tatu, krepi ikalowa, ikabanduka na kumwangukia usoni, mabonge kwa mabonge, hata pakabaki kidonda cheusi kipana kama ungo. Albertine, jirani yake, alichungulia mlangoni akatikisa kichwa.

"Sasa mama, njo umeimaliza kabisa."

Huguette akaketi juu ya meza, plasta kwenye kope. Ndipo akasikia sauti ya kukwaruza kutoka kitandani. Akageuka kwa hofu. Mabega ya mzee yalikuwa yanatikisika. Alikuwa anacheka. Tangu alazwe hakuwahi kucheka. Huguette alitaka kukasirika, akashindwa; wakacheka wote wawili, Albertine naye akiwa mlangoni.

Kicheko kilimrudishia nguvu. Aliokota bonge lililoanguka, akalidondoshea maji: likawa uji kiganjani mwake. Kumbe krepi ilikuwa haijawahi kupakwa kitu, ilikunywa maji kama ardhi ya kiangazi. Akakumbuka kopo la rangi ya mafuta lililobaki walipopaka milango. Akachovya bonge jingine humo, akaliacha dirishani likauke. Kesho yake akalitumbukiza kwenye kikombe cha maji, akaenda kufua. Aliporudi, bonge lilikuwa gumu kama kokoto.

"Nimekupata," akaliambia.

Kidonda alikiziba kwa plasta mpya, akaigonga kwa sifongo ikiwa bado mbichi hadi ikaota vinundu kama wenzake. Ilipokauka vema, Albertine akamsaidia kumpeleka mzee barazani, mbali na harufu, wakafungua madirisha yote. Kisha Huguette akapaka rangi ya mafuta dari nzima, mkono mwepesi, kama mtu anayepangusa uso wa mtoto aliyelala. Hakikuanguka kitu. Madoa yalizama chini ya rangi. Alisubiri hadi ikakauka na harufu ikatoka, ndipo akamrudisha baba ndani, akachukua ile nyeupe ya maji na rulo ya manyoya marefu. Mpito mmoja, asirudie palipolowa. Shingo ilimuuma, na weupe ukawa unatanda nyuma yake kama shuka inayokunjuliwa.

Alishuka kwa mara ya mwisho, akatupa rulo ndooni.

"Baba, imeisha."

Mzee alitazama juu muda mrefu. Midomo yake ikahangaika. Mkono wake mzima ukainuka, ukaelekea pembeni, karibu na taa.

"Pale," akasema. "Uliruka pale, mama."

Huguette akashika ukingo wa meza. Maneno yalikuwa mazito, lakini yalikuwa maneno, na yalikuwa ya baba yake hasa, ambaye hakuwahi kusifu kazi kabla ya kuikosoa. Machozi yakamtoka. Akatazama: kweli, nyuma ya vinundu, kivuli kidogo kilikuwa kimefichama. Akapanda tena.

"Hapa, baba?"

"Songa. Apo."

Jumapili David alikuja baada ya misa, amekwisha kujiandaa kutoa udhuru wa yule mtu wa kazi. Alisimama mlangoni, kichwa juu, udhuru wote ukamtoroka.

"Nani alifanya?"

"Eye," mzee akasema, akimwelekeza Huguette kwa kidevu.

David hakujua kilichomshangaza zaidi, dari au sauti ile. Alivua koti, akatandika mkeka kando ya kitanda, akalala chali mbavuni mwa baba yake.

"Yaya, chakula kinapoa," Huguette akaita kutoka jikoni.

"Utungoje kidogo," David akajibu. "Tuko tunaangalia."