Kiwanja Kitupu Mbele ya Nyumba

Kaunti ilipopanua mipaka ya mji hakuna aliyemwuliza Metrine. Alilala mwanakijiji akaamka mtu wa mjini, tena akiwa Dubai, kwenye dawati la ulinzi la jengo moja la Jumeirah Village Circle, akiwafungulia mlango watu ambao hata jina lake hawalijui. Kodi ya ardhi ya boma aliloachiwa na mama yake ikapanda mara sita. Sababu yenyewe ndiyo iliyomkata maini: sehemu ya mbele, inayopakana na lami, ni kiwanja kitupu kinachofaa biashara.

"Kitupu!" alimfokea kaka yake Austine kwenye simu. "Hao watu walikuja na macho kweli?"

"Dada, walipita na gari tu. Waliona nyasi."

Nyasi zilikuwepo, hilo hakubishi. Lakini chini ya nyasi hizo alikuwa amelala mama yao. Walikuwa wamekubaliana kwamba kaburi lisisakafiwe mpaka watoto wote wawili wawepo, na mmoja alikuwa huku Ghuba. Mama alifariki mwaka juzi, viza ya Metrine ikiwa katikati ya kubadilishwa, na kutoka hakuweza. Msalaba wa mti uliosimikwa kwa muda, mchwa wakaumaliza. Mthamini wa kaunti alipopita akaona nyasi nzuri kando ya barabara nzuri, akaandika alichoandika.

Hiyo barabara nayo! Metrine alipokuwa msichana ilikuwa kijia cha ng'ombe. Mama alikuwa akifagia uwanja mpaka kwenye kijia chenyewe kila asubuhi, akirudi kinyumenyume ili asikanyage mistari ya ufagio wake, na ole wako upite pale kabla ya chai. Jioni walikaa kizingitini wakimenya maharagwe, mlango wa buluu nyuma yao, mvua ikianza kugonga mabati upande wa jikoni kabla haijafika sebuleni. Akiwa kazini, mlango wa kioo ukifunguka na kujifunga wenyewe, Metrine aliukumbuka ule mlango wa buluu uliohitaji kusukumwa kwa bega. Aliukumbuka hadi bega likamwasha.

Sasa mambo yalikuwa hivi: kodi hiyo hawangeiweza. Austine anatengeneza baiskeli sokoni, na mshahara wa mlinzi tunaujua. Walikuwa wamepeleka pingamizi kaunti, na likikataliwa, ingebidi wauze kile kipande cha mbele, na tajiri mmoja mwenye vituo vya mafuta alikwisha kuja kukitazama, akitembea juu ya nyasi zile na viatu vyake vinavyong'aa.

Siku ya pingamizi kusikilizwa kwa simu ya video, msimamizi wake, Mzee Thuwein, Mzanzibari aliyezeekea Dubai, alimwondoa kwenye dawati.

"Nenda zako chumba cha ndani, mwanangu. Hapa nitakaa mimi. Na usiwaonee haya hao, sema nao."

Hati ya ardhi ilikuwa na jina la Metrine, kwa hiyo ndiye aliyetakiwa kuzungumza. Kwenye kioo cha simu aliona ukumbi wa kaunti: mwenyekiti aliyekuwa mama mwenye miwani, mthamini akicheza na kalamu, na Austine kwenye benchi, amevaa koti la harusi yake.

"Metrine, unasema hapo kuna kaburi," mwenyekiti alisema. "Lina saruji? Lina msalaba?"

"Msalaba ulikuwa wa mti, mheshimiwa. Uliliwa na mchwa."

Mthamini akatabasamu. "Mwenyekiti, tangu lami ifike, kila mtu ana kaburi kando ya barabara."

Damu ilimchemka Metrine. Angekuwa mle ukumbini, nadhani kalamu ile ingepata mwenyewe mwingine.

"Kuna picha yoyote?" mwenyekiti akauliza.

Ilikuwepo video. Jirani aliipiga siku ya maziko akamtumia Metrine peke yake, kwa sababu yeye peke yake ndiye ambaye hakuwepo. Tangu siku hiyo alikuwa hajaifungua. Alibadilisha simu, akaihamisha, akaifunika na picha nyingine kama mtu anayeficha kidonda. Alipiga moyo konde, akaituma kwa karani wa kikao.

Ikaonyeshwa kwenye ukuta wa ukumbi, naye akaitazama kupitia simu yake, kwa mbali, kama anachungulia dirisha la watu. Aliuona mlango wa buluu. Akaona uwanja umefagiwa, na akajua aliyefagia siku hiyo hakuwa mama, maana mistari ilikwenda ovyo. Watu wakapita na jeneza mpaka mbele kabisa, kwenye shimo lililochimbwa hatua chache kutoka barabarani. Ng'ambo ya barabara bango la zahanati, lililopo hadi leo, lilisomeka wazi. Mthamini aliweka kalamu chini.

"Inatosha," mwenyekiti alisema kwa sauti ya chini. "Sehemu hiyo iondolewe kwenye kadirio. Hakuna atakayewatoza kodi ya biashara kwa kaburi la mama yenu. Poleni sana. Karani, zima."

"Mheshimiwa," Metrine akasema, "naomba iendelee."

Mwenyekiti akamzuia karani kwa mkono.

Pale ukutani, Austine wa mwaka juzi aliinama, akachota udongo, akautupa. Akainama tena. Akachota mara ya pili, akauinua kuelekea kwenye kamera, kama anayempa mtu.

"Mama, huu ni wa Metrine," alisema. "Yuko njiani."

Kwenye benchi, Austine mwenyewe alikuwa amefunika uso na kofia.

Metrine alitoka chumbani macho yamevimba. Mzee Thuwein aliinuka haraka.

"Vipi? Wamekukatalia?"

"Tumeshinda, mzee."

"Alhamdulillahi! Sasa unalia nini?"

Alijifuta kwa mkono wa sare. Likizo yake ilikuwa Desemba, na alikuwa ameizoea hiyo Desemba, kila mwaka ikimsubiri mbele na yeye akiisogeza hadi mwaka unaofuata.

"Mzee, naomba likizo yangu mwezi huu."

Mzee Thuwein alimtazama, kisha akasogeza kiti cha dawati kando ampishe.

"Yalla, haya, andika ombi. Nitalipeleka mwenyewe."