Kijiti cha Gramafoni

Mume wangu alipoanguka kutoka kwenye ngazi akiwa amekumbatia boksi la santuri, goti lake la kushoto lilivunjika na santuri hazikupata hata mkwaruzo. Naanza na hilo ili ujue mtu ninayeishi naye.

Ni dereva wa lori la masafa marefu. Wenzake wakirudi safari walileta matunda. Yeye alileta santuri, zile ndogo, wimbo mmoja mbele na mwingine nyuma. Kila mji alikolala alitafuta muuza vitu vikuukuu akanunua moja. Mwonyeshe yoyote, atakuambia kama mvua ilinyesha siku aliyoinunua na kama muuzaji alikuwa na kengeza. Siku ya kuzaliwa ya mwanawe wa tatu bado ananiuliza mimi.

Walimpasua, wakamtia vyuma, wakamrudisha nyumbani na fimbo. Dada wa mazoezi ya viungo pale hospitali alimwambia mbele yangu, "Mzee, goti hili usipolitembeza litakakamaa. Likikakamaa, klachi hutaikanyaga tena." Akaitikia kwa adabu zote. Tulipofika nyumbani akaketi, akanyoosha mguu juu ya stuli, akaomba chai. Tangu hapo alichotembeza ni mdomo.

"Inuka, Baba Watoto."

"Kesho."

"Kesho ulisema jana."

"Basi na leo nasema tena. Linauma, mama. Wewe maumivu huyajui."

Nimezaa mara nne. Nikaenda kumwongezea chai.

Binti yetu mkubwa akamwonea huruma, akamletea spika ndogo ya kisasa. "Baba, humu mna maelfu ya nyimbo. Huna haja hata ya kuinuka." Nilimkazia macho mpaka akatazama sakafu. Bahati nzuri baba yake alisikiliza kidogo, akaizima.

"Hili ni bomba la maji limeachwa wazi," alisema. "Nyimbo zinapita tu, huna hata mmoja wa kushika mkononi. Nileteeni santuri zangu."

Hapo akili ikanijia. Watoto wangu wote niliwafundisha kutembea kwa njia moja: unaweka wanachokitaka mbali kidogo na walipo. Na santuri ndogo haina huruma. Wimbo ukiisha, sindano inakwaruza pale katikati mpaka mtu ainuke aigeuze. Nikahamishia gramafoni upande wa pili wa sebule. Alipozoea, nikapeleka maboksi chumbani. Alipozoea na hilo, nikayapeleka jikoni.

"Santuri jikoni?"

"Chumbani kumeingia panya."

"Panya wanakula santuri?"

"Wa siku hizi hawachagui."

Akawa anakwenda na kurudi, fimbo ikigonga sakafu, akinung'unika njia nzima. Kila santuri aliifuta kwa flana, akasoma maandishi yake kana kwamba hajawahi kuyaona. Na mimi, niliyeziita visahani miaka yote na kutishia kuziweka chini ya vyungu vya maua, nikawa namwambia, "Hiyo imeisha, kalete nyingine."

Alasiri moja nikarudi kutoka dukani kwangu, duka la vifaa vya ujenzi lililo ng'ambo ya makutano ya barabara. Tangu getini nilisikia muziki. Wimbo ukaisha, kukasikika ta!, ukaanza mwingine. Fimbo sikuisikia. Nikasema moyoni, amepona huyu.

Ndani nilimkuta kitini, mguu juu ya stuli, macho amefumba. Katikati ya gramafoni kulisimama kijiti kinene cha plastiki, kimebeba santuri kama pete kidoleni. Moja ikaanguka, mkono wa sindano ukajipeleka wenyewe, wimbo ukaanza.

"Hiyo ni nini?"

"Kijiti. Kilikuja na gramafoni, nilikuwa nimekisahau kwenye droo." Akafungua jicho moja. "Kinabeba santuri kumi. Panya wako wanasemaje?"

Nilisubiri wimbo wa mwisho uishe, maana mimi si katili. Kisha, alipokwenda kulala, nikaking'oa nikakitia mkobani, na asubuhi nikaenda nacho dukani.

Nilikuwa nampimia mwashi misumari nilipomsikia mume wangu kabla ya kumwona.

"Mwizi ni yule! Yule mwenye miwani!"

Mwashi akashika mfuko wake. "Mama, unamjua huyu?"

"Kwa bahati mbaya."

Akafika kaunta, jasho linamtoka, ndara miguuni. "Nipe kijiti changu!"

"Umekuja na nani?"

"Na hasira zangu! Nimepanga santuri tangu asubuhi, mji baada ya mji, kama safari yenyewe. Nageukia gramafoni, hakuna kijiti! Mtu mzima na diploma yake, anaiba kijiti!"

"Fimbo yako iko wapi?"

Akatazama mkono wa kulia. Ulishika santuri. Akatazama wa kushoto. Santuri nyingine. Akageuka akatazama mlangoni, kisha barabara yote mpaka makutano, kana kwamba fimbo iko njiani inakuja.

Mwashi akaangua kicheko. Mume wangu hakucheka. Aliinua mguu wa kushoto taratibu, akauweka juu ya mfuko wa saruji uliolala pale chini, akaukandamiza polepole kama klachi, akauachia. Akakandamiza tena.

"Linakunjika," alisema kwa sauti ndogo.

Nikainama kutafuta kifuko cha misumari. Nilikitafuta kwa muda, na kilikuwa mbele yangu.

"Sasa linauma," akasema. "Nipe kiti."

"Hapa tunauza misumari."

"Na kijiti?"

Nikakitoa mkobani. "Chukua. Lakini kila asubuhi nitakuja nacho kazini. Ukikitaka, njia unaijua."

Akakipokea, akakigeuza, akakinusa.

"Basi kesho usikiweke pamoja na vitunguu," akasema, akatoka akichechemea, santuri kwapani, kama mtu mwenye haraka zake.