Siku Hizi Corbin Anatoka Mapema

...na theluji haina haraka, inadondoka kwenye kioo, waipa zinaiondoa, inarudi, na Marlys Haugen yumo kwenye foleni ya magari ya wazazi nje ya sekondari, anamngoja Corbin, mwanawe wa pekee, kengele bado, zamani saa hizi asingekuwa hapa, zamani alikuja giza limeshaingia na bado akapiga honi weee, ndipo kijana atoke, wa mwisho kabisa, rangi mikononi, vumbi la mbao kichwani, ametoka kujenga jukwaa la kundi la maigizo, ana njaa ya kula sufuria, na maneno, jamani, maneno... kigugumizi kipo palepale lakini yeye hakijali, analisukuma neno mpaka litoke, "Ma-mama, wamenipa na mimi sehemu, nita-nitakuwa tarishi," na njia nzima anacheka... "Marlys," ni Duane, wa gari la nyuma, anagonga dirisha, Marlys analishusha, baridi inaingia, "afadhali siku hizi, tunafika nyumbani mapema," eeh, mapema, "bodi ya shule nayo ingefanyaje, ilibidi wafute hilo kundi, paa linavuja, pesa hakuna, na maigizo hayajampeleka mtu chuo," Marlys anaitikia kwa kichwa, Duane si mtu mbaya, anaendelea kusema, lakini mawazo yake yako koridoni nyumbani, jana jioni, taulo mkononi, maji yanamwagika bafuni, na nyuma ya mlango sauti nzito asiyoijua, "Fungueni, daraja limevunjika, nimekuja kwa miguu," moja kwa moja, bila kukwama, tena, "Fungueni, daraja limevunjika," akasimama pale hata kupumua anaogopa, kumbe tarishi hana kigugumizi, kumbe mchezo umefutwa tangu Januari na mtoto bado anafanya mazoezi, peke yake, hakuna wa kumfungulia... halafu mezani Corbin akataka chumvi, akanyoosha kidole tu... "Corbin hajambo lakini?" Duane anauliza, na jibu lipo, refu, limejaa kifuani, "hajambo," anasema, kengele inalia, mlango unafunguka, na wa kwanza kutoka ni Corbin, mikono safi, mkoba mgongoni, kichwa chini, anakuja moja kwa moja kwenye gari, na Marlys, akinyoosha mkono kumfungulia, anajua sasa kwamba kila siku anapokaa kwenye foleni hii huwa anaomba mwanawe achelewe.